Bach ku piano ya leo: nani aliwapa ruhusa ya kubadilisha nota zake?

Mu makanisa mengi ya Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo, sinte ya korali iko na vifungo vya kuchagua sauti: piano, ogani, filimbi, na mara nyingi klavesini pia. Mutu akichagua ogani na kufinya tushi moja bila kuiachilia, sauti inaendelea kulia muda wote kidole kiko pale. Akichagua piano na kufinya tushi ile ile, sauti inaanza na nguvu, kisha inapungua pole pole mpaka inakufa, hata kama kidole hakijatoka. Akichagua klavesini, inakufa haraka zaidi.

Hiyo tofauti ndogo, ambayo mutoto yeyote anaweza kuisikia kwa dakika moja, imeleta kazi kubwa na ugomvi murefu mu Ulaya. Kuna muziki wa miaka karibu 300 ulioandikwa kwa ajili ya klavesini na ogani, wakati piano ilikuwa bado haijaenea. Leo watu wengi wanausikia ku piano tu. Kati ya zamani ile na leo kuna watu waliokaa chini, wakaandika upya zile nota ili zikubali ku chombo kipya. Wengine wanasema watu hao waliokoa muziki. Wengine wanasema waliuharibu.

Muziki wa Baroko ni muziki gani?

Wenye kusoma historia ya muziki wanaita Baroko ule wakati wa kuanzia karibu mwaka wa 1600 mpaka 1750. Mu mwaka mumoja tu, 1685, walizaliwa watungaji watatu wakubwa: Johann Sebastian Bach na Georg Friedrich Händel mu Ujerumani, na Domenico Scarlatti mu Italia. Bach alikufa tarehe 28 Julai 1750, na kifo chake ndicho wengi wanahesabu kuwa mwisho wa wakati huo.

Mupigaji wa wakati ule alikuwa na vyombo vitatu vya tushi.

Cha kwanza ni klavesini. Mutu akifinya tushi, kipande kidogo cha unyoya wa ndege kinavuta waya na kuuachilia, sawa vile kidole kinavyofanya ku gitaa. Ufinye kwa nguvu, ufinye pole, ukubwa wa sauti haubadiliki. Wenye kupiga sinte za bei ndogo wanaijua hali hiyo: tushi zao hazisikii nguvu ya kidole, kila nota inatoka sawa.

Cha pili ni klavikodi, chombo kidogo cha nyumbani. Kipande cha chuma kinagusa waya, na sauti yake ni ya chini sana hata watu wakiongea mu chumba inapotea.

Cha tatu ni ogani yenyewe, kinanda kikubwa cha mabomba chenye kujengwa mu kanisa. Hapo hakuna waya. Hewa inaingia mu mabomba, na mabomba yanalia. Mu wakati wa Bach hakukuwa umeme, kwa hiyo watu walisimama nyuma ya chombo wakikanyaga mifuko mikubwa ya hewa. Wakichoka, muziki unakatika, kama vile ibada inavyonyamaza siku kuranti inapotea. Tena ogani iko na tushi za miguu. Mupigaji anatumia mikono miwili na miguu miwili kwa wakati mumoja, na miguu njo inabeba sauti ya basi.

Piano ilitokea wapi?

Piano ilibuniwa na Muitalia mumoja, Bartolomeo Cristofori, aliyefanya kazi ku nyumba ya watawala wa Medici mu muji wa Florence. Mwaka wa 1700 chombo chake kilikuwa tayari kimeandikwa mu orodha ya vyombo vyao. Badala ya unyoya kuvuta waya, yeye aliweka nyundo ndogo ya kuupiga. Ukifinya pole, nyundo inapiga pole. Ukifinya kwa nguvu, inapiga kwa nguvu. Jina lenyewe linatoka hapo: kwa Kiitalia, piano ni pole, na forte ni nguvu.

Bach aliiona piano mbele ya kufa. Mwaka wa 1747 alienda Potsdam kwa mufalme Frederick wa Prussia, na kule alipiga piano zilizotengenezwa na Gottfried Silbermann. Lakini sehemu kubwa ya muziki wake wa tushi ilikuwa imekwisha kuandikwa, na aliiandika akifikiria klavesini, klavikodi na ogani.

Tena piano ile ya Silbermann si hii ya leo. Piano kubwa ya leo iko na tushi 88, fremu ya chuma ndani, na waya zinazovuta kwa nguvu inayokaribia tani 20. Iko pia na pedali: mutu akiikanyaga ile ya kuume, sauti zote zinaendelea kulia hata vidole vikitoka. Mu wakati wa Bach nguvu kama ile ingevunja mbao za klavesini.

Kwa nini kuandika upya?

Muziki wa klavesini unaweza kupigwa ku piano bila kubadilisha nota hata moja. Ni mikono miwili na tushi, basi. Njo vile alifanya Mukanada Glenn Gould mwaka wa 1955, aliporekodi ku piano zile nyimbo 30 za mageuzi zinazoitwa Goldberg, ambazo Bach alizitoa mwaka wa 1741 kwa klavesini yenye safu mbili za tushi. Piano iko na safu moja tu. Njo maana mu nyimbo kadhaa mikono ya mupiga piano inapandana, mumoja juu ya mwingine, na mutazamaji anaogopa vidole vitagongana. Ni vigumu, lakini inawezekana.

Kwa ogani, mambo ni mengine. Mutu akiweka nota za ogani mbele ya piano na kuzipiga vile ziko, anakuta matatizo matatu.

Kwanza, miguu haina kazi. Mustari wa basi uliokuwa wa miguu unabaki bila mubebaji. Ni lazima mukono wa kushoto uubebe, na ule mukono tayari uko na kazi yake.

Pili, ogani iko na mabomba ya urefu mbalimbali. Mupigaji akivuta kifungo fulani, tushi moja inaliza nota yake pamoja na ile nota ya chini yake kwa oktavu moja, ao ya juu yake. Kidole kimoja kinatoa sauti mbili, tatu, hata zaidi. Ku piano, tushi moja ni nota moja. Ile ngurumo ya kanisa inakuwa sauti nyembamba, kama vile korali ya watu 40 imebaki na watu wanne.

Tatu, sauti inakufa. Nota ya basi ambayo ogani inaishika kwa dakika nzima, piano inaipoteza kwa sekunde chache.

Hapo njo kazi ya kupanga upya inaanza. Mupangaji anaongeza oktavu mu mukono ili kurudisha uzito wa mabomba. Anarudia nota iliyokufa, ao anaishikilia na pedali. Anatawanya vidole ili mukono wa kushoto ubebe basi na sauti ya katikati pamoja. Ku ogani, mupigaji anahama kutoka safu moja ya tushi kwenda nyingine ili kubadilisha sauti. Mupangaji wa piano anaandika mahali pale: hapa pole, hapa kwa nguvu.

Franz Liszt, Muhungaria aliyesifika kuliko wapiga piano wote wa wakati wake, alikuwa mumoja wa wale walioonyesha njia. Mwaka wa 1852, akiwa anaishi mu muji wa Weimar mu Ujerumani, alitoa preludi na fuga sita za ogani za Bach alizozipanga kwa piano. Liszt alijulikana kwa kupamba sana, lakini mu kazi hii alijizuia. Aliweka miguu ya ogani ndani ya mukono wa kushoto, na kwa sehemu kubwa akaacha nota za Bach zikae vile zilikuwa.

Nyuma yake akaja Ferruccio Busoni, Muitalia aliyezaliwa mwaka wa 1866 na kuishi Berlin miaka mingi. Huyu alienda mbali zaidi. Alipanga nyimbo kumi za ogani zilizojengwa juu ya nyimbo za kanisa za Kilutheri, na pia Toccata na fuga ya re minori, ule muziki wa kutisha ambao watu wengi wanaujua kutoka filamu. Aliandika mapangilio yenye kujaza piano kutoka tushi za chini kabisa mpaka za juu. Ku karatasi nyingi majina yao yaliandikwa pamoja, Bach-Busoni, sawa vile ni mutu mumoja.

Mufano mumoja: somo la mutoto

Ili kuelewa kazi hii vizuri, inafaa kufuata muziki mufupi mumoja kutoka mwanzo wake.

Mwaka wa 1720 Bach alianza kumuandikia mutoto wake wa kwanza wa kiume, Wilhelm Friedemann, daftari ya mazoezi. Mutoto alikuwa na miaka tisa. Mu daftari ile kuna preludi fupi ya mi minori. Mukono wa kushoto unakimbia bila kupumzika, mukono wa kuume unaweka sauti chache juu yake. Ni zoezi la kukaza vidole vya kushoto, basi.

Wa kwanza kulibadilisha hakutoka mbali. Ni Bach mwenyewe. Miaka miwili nyuma yake, mwaka wa 1722, alikusanya preludi 24 na fuga 24 mu kitabu ambacho wenye kusoma Kifaransa wanakiita Le Clavier bien tempéré. Mu preludi ya kumi ya kitabu kile, lile somo la mutoto linarudi, lakini juu yake Bach ameweka wimbo mupya wenye mapambo, na ku mwisho ameongeza sehemu nzima ya mbio.

Wa pili alikuja karibu miaka 200 mbele. Alexander Siloti alizaliwa mwaka wa 1863 karibu na Kharkiv, mu Ukraine ya leo. Alisoma kwa Liszt, mu Weimar ile ile, na yeye akamufundisha ndugu yake Sergei Rachmaninoff. Siloti alichukua lile somo la mutoto, si preludi iliyokomaa. Aliihamisha kutoka mi minori kwenda si minori. Akabadilisha mikono: nota zenye kukimbia akazipa mukono wa kuume, juu, zidondoke kama mvua nyepesi ku bati, na zile sauti chache akazipa mukono wa kushoto. Kisha akaomba muziki wote upigwe mara mbili. Mara ya kwanza, musikilizaji anasikia mvua. Mara ya pili, mupigaji anainua nota fulani ndani ya mukono wa kushoto, na wimbo ambao haukusikika mara ya kwanza unatokea katikati.

Hapo njo siri ya kazi. Klavesini isingeweza kufanya vile, juu kila nota yake inatoka na nguvu moja. Wimbo ule ulikuwa ndani ya sauti za Bach tangu 1720. Ilihitaji nyundo ya Cristofori, yenye kusikia nguvu ya kila kidole, ili mutu autoe inje. Leo ile preludi ya Siloti ni mumoja wa miziki inayopendwa zaidi ku mwisho wa konsere, wakati watu wamepiga makofi na mupigaji anarudi kuwaaga.

Ugomvi ulianzia wapi?

Si wote walifurahi. Mu mwanzo wa karne ya 20, mama mumoja wa Poland, Wanda Landowska, alisimama kutetea klavesini. Mwaka wa 1912 kampuni ya Pleyel ya Ufaransa ilimutengenezea klavesini kubwa, na mwaka wa 1933 alirekodi juu ya klavesini nyimbo zote za Goldberg. Ujumbe wa watu wa upande wake ulieleweka: Bach aliandika kwa chombo fulani, na chombo kile bado kinaweza kutengenezwa. Kwa nini basi kumuvalisha nguo za mutu mwingine?

Walikuwa na sababu. Busoni, kwa mufano, alipozitengeneza nyimbo za Goldberg kwa piano, alipendekeza nyimbo kadhaa ziachwe kabisa mu konsere, na mwisho wake akaubadilisha. Musikilizaji asiyejua angerudi nyumbani akifikiri amesikia Bach, kumbe sehemu ya kile alichosikia ni mawazo ya Busoni. Nyuma ya Vita ya Pili ya Dunia, upande wa vyombo vya zamani ulipata nguvu sana, na kwa miaka mingi mu shule nyingi za muziki kupiga mupangilio wa Bach ilionekana kama kosa la adabu.

Busoni alikuwa amejibu mapema. Mu kitabu kidogo alichokitoa mwaka wa 1907, alieleza kwamba hata kuandika nota ku karatasi ni kupanga upya, juu wazo la mutungaji haliko na wino wala mistari. Kutoka wazo kwenda karatasi, kitu kinapotea na kingine kinaongezeka. Kutoka chombo kwenda chombo kingine ni hatua ya pili ya safari ile ile.

Bach mwenyewe alifanya nini?

Jibu lenye nguvu zaidi linatoka kwa Bach mwenyewe. Kati ya 1708 na 1717 alifanya kazi Weimar, muji ule ule ambao Liszt na Siloti wangekuja kuishi ndani yake. Mu mwaka wa 1713 kijana wa nyumba ya mutawala, Johann Ernst, alirudi kutoka Uholanzi na muziki mupya wa Italia. Bach alichukua konseto za Antonio Vivaldi, zilizoandikwa kwa violini na vyombo vingine vya nyuzi, akazipanga kwa klavesini na kwa ogani. Mahali ambapo violini ilishika nota ndefu, yeye aliongeza nota ndogo za mapambo, juu alijua klavesini ingeacha ile nota ife.

Baadaye alichukua konseto ya Vivaldi ya violini nne, akaigeuza ya klavesini nne. Akaitoa si minori, akaipeleka la minori. Ni kazi ile ile ya Siloti: kubadilisha chombo, kubadilisha mahali pa sauti, na kuongeza kile chombo kipya kinachoomba. Hakuna mutu leo anayesema Bach alimuharibu Vivaldi.

Hapo swali linageuka. Haitoshi kuuliza kama nota zimebadilishwa. Inafaa kuuliza kama mupangaji alijua chombo cha zamani kinapoteza nini, na amelipa nini mahali pake. Liszt alilipa kidogo na kwa uangalifu. Busoni alilipa sana, mara nyingine kupita deni. Siloti alilipa na kitu kimoja tu, wimbo uliojificha, na watu wengi wanaona deni limekwisha.

Mapangilio yamerudi

Mu miaka ya karibu ile aibu imepungua. György Kurtág, mutungaji wa Hungaria aliyezaliwa mwaka wa 1926, alipanga nyimbo za Bach kwa piano moja na mikono mine, akizipiga pamoja na mama Márta, bibi yake, mpaka Márta alipokufa mwaka wa 2019. Hawakutafuta ngurumo ya Busoni. Mara nyingi walipiga piano ya kawaida ya kusimama, ile ya nyumbani, na pedali ya kupunguza sauti imekanyagwa, ili musikilizaji asogee karibu. Mwaka wa 2018, Víkingur Ólafsson wa Iceland alitoa rekodi ya Bach ambamo nota za Bach zenyewe zimechanganywa na mapangilio ya Busoni, ya Siloti na yake mwenyewe.

Hata Afrika ya kati iko na ukurasa wake mu habari hii. Albert Schweitzer, munganga aliyekuwa pia mupiga ogani na aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Bach mwaka wa 1905, alifika Lambaréné mu Gabon mwaka wa 1913. Ogani hakukuwa. Shirika la Bach la Paris lilimupa piano iliyotengenezwa kwa hali ya joto na unyevu, na chini yake waliweka tushi za miguu kama za ogani. Juu yake njo alifanyia mazoezi ya Bach nyuma ya kazi ya hospitali. Yeye, badala ya kubadilisha nota ili zikubali ku piano, alibadilishiwa piano ili ikubali nota.

Mupiga sinte wa korali anapata nini hapa?

Anapata mambo mawili ya kufanyia kazi.

La kwanza ni la sheria. Bach, Liszt, Busoni na Siloti wamekufa zamani, na nota zao ziko huru. Sheria ya Congo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watungaji inalinda kazi kwa miaka 50 nyuma ya kufa kwa mwenyewe. Siloti, kwa mufano, alikufa New York mwaka wa 1945. Lakini mupangilio mupya ni kazi yenye mwenyewe, hata kama wimbo wa ndani ni wa miaka 300. Mupangaji wa leo iko na haki juu ya kile alichokiongeza. Vile vile kijana wa Uvira anayepanga upya preludi ya Bach kwa sinte yake, ile kazi ni yake, na inafaa aandike jina lake chini ya jina la Bach, si mahali pake.

La pili ni la mikono. Sinte nyingi za korali ziko na tushi 61, ni kusema oktavu tano. Mupangilio wa Busoni hautaingia wote, juu unaomba tushi za chini ambazo hazipo. Lakini Le Clavier bien tempéré ya 1722 imeandikwa yote ndani ya oktavu ine tu. Preludi zote 24 na fuga zote 24 zinaenea ku sinte ya tushi 61, na nafasi inabaki. Na kama tushi zake hazisikii nguvu ya kidole, hali yake inafanana na klavesini kuliko vile piano ya mamilioni inavyofanana nayo.

Anayetaka kuanza, aanze na preludi ya kumi, ile ya mi minori. Aipige kwanza na sauti ya klavesini, kisha na ya piano, kisha na ya ogani. Atasikia mwenyewe ni nini kinakufa na ni nini kinabaki, na pale atajua anapaswa kuongeza nini.